Vyumba vya kupangisha Malindi: chumvi nayo ina fungu lake

Ukiwa na vyumba sita vya shilingi 6,000 kwa mwezi, usiandike 36,000 ukaita mapato. Mimi huanza kwa kutoa mwezi mmoja kwa kila chumba kila mwaka: mpangaji ahame, rangi ipakwe, mwingine atafutwe. Basi 432,000 za mwaka zinashuka hadi 396,000. Bei hizi ni za mfano. Weka za fundi wako.

Kinachopoteza wengi ni kodi ya serikali. Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hulipa KRA, mamlaka ya mapato, asilimia 7.5 ya pesa zote alizopokea, kabla ya kutoa hata shilingi ya bomba. Ukibadilisha paa zima, kodi ni ile ile. Kwa mfano wetu ni 29,700. Taarifa huingizwa iTax, mtandao wa KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata usipopokea kitu. Ukiona matengenezo yanakumeza, unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA utozwe kwa utaratibu wa mwaka, unaokubali gharama. Lakini uwe na risiti, na fundi wa mtaani haandiki usipomdai.

Sasa chumvi. Upepo wa bahari hula mabati kuanzia kwenye misumari na maungio, hula bawaba na vitasa, hula nyavu za madirisha. Maji ya kisima karibu na pwani nayo humaliza pampu na mifereji. Kibaya kuliko vyote ni zege lililochanganywa na mchanga wa ufuoni: nondo hupata kutu, hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Hilo halizibwi kwa plasta. Likague kabla ya kununua nyumba.

Kwa hiyo usingoje kitu kiharibike. Gawa bei yake kwa miaka unayotarajia kidumu. Paa la 180,000 kwa miaka 12 ni 15,000 kwa mwaka. Rangi ya 60,000 kila miaka 3, 20,000. Pampu ya 24,000 kwa miaka 4, 6,000. Lori la kunyonya choo mara mbili, 16,000. Jumla 57,000, ziwekwe akaunti ya peke yake. Kazi za paa zimalizike kaskazi, kabla ya masika. Mvua ikishaanza fundi hapatikani, na akipatikana bei si ile.

Ongeza mfagiaji 60,000 na tokeni za taa za nje 12,000. Ukitoa yote hayo na kodi kwenye 396,000, zinabaki 237,300, yaani 19,775 kwa mwezi, na bado hujalipa reti za kaunti ya Kilifi. Amana ya mpangaji usiihesabu, ni deni.

Mkopo wa nyumba unaolipwa 22,000 kwa mwezi ungeonekana mwepesi mbele ya ile 36,000. Kwa hesabu hii, kila mwezi unatoa 2,225 mfukoni mwako.