Kona nne zimenyooka lakini mchoro bado si wenyewe: dhana potofu kuhusu kunyoosha picha za michoro

Kuna mzee mmoja mchoraji niliwahi kumpigia picha kazi zake, nikanyoosha kila kitu kwenye kompyuta, kingo zote zikakaa sawa na gridi, nikamwonyesha nikiwa na uhakika kabisa. Akaiangalia ile ya mama yake, akanyamaza kidogo, afu akasema, "Mwanangu, huyu si yeye." Mi nikadhani anasema rangi. Kumbe uso ulikuwa umepanuka. Nilipochukua futikamba nikapima kanvasi ndo nikaona kosa: kazi ilikuwa sm 60 kwa 80, na faili langu lilikuwa pikseli 3200 kwa 4000 wakati lilitakiwa kuwa 3000 kwa 4000. Pikseli 200 tu, na mwana hakumtambua mama yake.

Tangu hapo nimekuwa makini sana na hili jambo, na kila nikiongea na watu wanaopiga picha kazi zao wenyewe nakutana na dhana zilezile, kwa hiyo naziweka hapa na ukweli wake.

Dhana: kona nne zikishakaa kwenye pembe mraba, umemaliza.

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo iliyoniangusha mimi. Programu ukiipa kona nne za mchoro uliopigwa kwa upande inafanya hesabu na kulirudisha lile umbo la trapeza (upande mmoja mrefu kuliko wa pili) liwe mstatili, sawa, lakini mstatili upi? Mstatili mrefu na mstatili mfupi yote ina pembe mraba nne. Ukisimama pembeni ya mchoro upana wake unaonekana umefupika kwenye picha, na programu haiwezi kujua kwa kuangalia tu kwamba huu upana umefupishwa na pembe uliyosimama au mchoro wenyewe ni mwembamba. Kuna hesabu za kukaribia jibu kama programu inajua urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya mm inayosema lenzi inaona eneo pana au finyu) na picha haijakatwa popote, ila ukishakropu, yaani ukishakata kingo za picha, tu hata kabla ya kuanza, ule ushahidi wa katikati ya picha iko wapi umeupoteza, na zana nyingi hazijisumbui na hayo, zinakadiria kutokana na urefu wa kingo zilivyo kwenye picha.

Kwa hiyo pima kwa mkono. Upana, urefu, uandike, na uandike kabla hujaondoka pale kazi ilipo kwa sababu baadaye hutaipata. Afu kwenye programu unailazimisha: ukishanyoosha, badilisha saizi ya picha hadi uwiano ulingane na vipimo vyako, fungua kile kikufuli kinachounganisha upana na urefu, weka namba mwenyewe. Kama ni sm 60 kwa 80 basi ni 3 kwa 4 na hakuna mjadala.

Na kuna jambo jingine chini ya hili ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Nani kasema kanvasi yako ni mstatili? Fremu za mbao za kukazia kanvasi, hasa zilizotengenezwa kwa mkono, mara nyingi zimepinda kidogo. Pima kona hadi kona, pande zote mbili. Kanvasi ya sm 60 kwa 80 iliyonyooka kweli itakupa sm 100 huku na sm 100 kule. Ukipata 101 na 99, ujue kona zake zimeachia kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1, na ukiilazimisha iwe mstatili kamili umeubadilisha mchoro, umechukua kosa la fundi wa mbao ukaligawa kwenye uso wa mtu aliyechorwa. Hapo mi naona bora ukingo mmoja ubaki na mwanya mdogo kuliko kuvuta kazi ya mtu.

Dhana: kunyoosha ni kuzungusha tu.

Hapana. Kuzungusha kunatibu kamera iliyolala upande. Kama ukingo wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, zungusha hadi kesho haitanyooka, hapo kamera haikuwa sambamba na mchoro na dawa yake ni zana ya pespektivu, ile inayorekebisha upande wa mbali kuonekana mdogo kuliko wa karibu. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, zana hiyo ina uelekeo wa kurekebisha, yaani unalaza gridi juu ya mchoro ulivyopinda na yenyewe inaurudisha, na watu wengi hawajui upo, wanakaa wanavuta kona kwa kubahatisha. Photoshop nayo ina zana ya kukropu yenye pespektivu, unabonyeza kona nne tu.

Dhana: kitufe cha otomatiki kinajua chenyewe.

Kinachofanya kile kitufe ni kutafuta mistari inayoelekea kuwa wima au mlalo afu kinaivuta inyooke. Kwenye picha ya jengo ni sawa. Lakini mchoro una mistari yake ndani, mchoraji kachora nguzo zilizoinama makusudi, au nyumba zinaegemeana, au meza imepinda kwa sababu ndivyo alivyotaka, na programu haitofautishi mstari wa rangi na mstari wa ukingo wa kanvasi. Inanyoosha nguzo na kupindisha kanvasi. Tumia mistari ya mwongozo unayoichora mwenyewe juu ya kingo, dakika mbili tu.

Dhana: ukingo uliojaa kama pipa ni tatizo la pespektivu.

Ukiona ukingo umejikunja kama upinde, katikati umetoka nje, hiyo ni lenzi, hasa lenzi pana. Lenzi nyingine zinafanya kinyume, katikati inaingia ndani. Zana ya pespektivu haiwezi kulitibu hili kwa sababu yenyewe inageuza mstari ulionyooka kuwa mstari mwingine ulionyooka, mstari uliojikunja utabaki umejikunja. Kwa hiyo mpangilio ni huu na usiugeuze: kwanza rekebisha lenzi kwa profaili yake, yaani data ya jinsi lenzi hiyo inavyokunja picha (darktable ni programu ya picha ya bure na inatumia hifadhi ya profaili inayoitwa Lensfun), ndo uje kwenye pespektivu, na kukropu mwisho. Profaili ya lenzi inahesabu kutoka katikati ya picha nzima, na giza la kwenye kona nalo linatibiwa kutoka hapohapo katikati, sasa ukishakropu upande mmoja katikati imehama na marekebisho yanaangukia mahali pasipo pake. Simu nyingi zinalirekebisha hili zenyewe kabla hujaiona picha, ila ile lenzi ya simu iliyo pana kupita zote mi siigusi kabisa kwa michoro.

Dhana: piga vyovyote, utanyoosha baadaye.

Hii inaniuma kwa kweli, kwa sababu anayelipia ni mchoro. Fikiria ukingo wa karibu una pikseli 3000 na ule wa mbali una 2400. Programu inauvuta wa mbali uwe 3000, yaani kila pikseli 4 za kweli zinakuwa 5, na ile ya tano haikupigwa na kamera, imekadiriwa kutoka kwa jirani zake. Upande mmoja wa mchoro unakuwa laini kuliko mwingine, mikwaruzo ya brashi inafifia, na kama ule upande ulikuwa umetoka kwenye fokasi pia basi hakuna programu ya kukurudishia.

Kuna kingine tena, rangi nzito. Mchoraji akipaka rangi nene zinazosimama juu ya kanvasi, ukipiga kwa upande unapiga ubavu wa zile rangi, na ukishanyoosha kona unapata mchoro ulionyooka wenye rangi zinazoonekana kwa upande. Hesabu ya kona nne inafanya kazi kwenye kitu bapa tu. Ndo maana hata ukiwa na fremu nene inayochomoza mbele usichague kona za fremu, chagua kona za kanvasi yenyewe kwa sababu fremu iko mbele kwa sentimita kadhaa na kona zake hazilingani na za mchoro.

Najua kwa nini watu wanapiga kwa upande, wanakimbia mng'ao wa glasi au vanishi. Lakini mng'ao dawa yake ni taa, weka mbili, moja kila upande, kwa nyuzi kama 45 kutoka kwenye uso wa mchoro, na kamera ibaki mbele katikati. Zima taa nyingine zote na usiwashe flashi ya kamera.

Afu rudi nyuma. Mchoro wa upana wa m 1, kamera ikiwa m 1 mbele yake na imekosea nyuzi 3 tu, upande mmoja unatoka mrefu kuliko mwingine kwa kama asilimia 5. Kosa lilelile la nyuzi 3 ukiwa umesimama m 3 linashuka chini ya asilimia 2. Huhitaji kifaa kipya, unahitaji nafasi na kuzumu kidogo.

Ile mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya kioo. Chukua kioo kidogo bapa, kiweke kimelala sambamba na uso wa mchoro pale katikati, angalia kupitia kamera. Ukiiona lenzi yako yenyewe kwenye kile kioo, na imekaa katikati kabisa ya picha unayoiona kwenye kamera, basi kamera imeukabili mchoro sawasawa. Kama lenzi inaonekana pembeni, sogea. Ni mbinu ya zamani na haijawahi kuniangusha, ila usibandike kioo juu ya rangi, kishikilie mbele kidogo au kiegemeze kwenye fremu kama fremu iko sambamba na kanvasi.

Na hapa ndo inaingia dhana ndogo ya pimamaji, kwamba kamera ikiwa levo basi mchoro utanyooka. Mchoro ulioning'inizwa kwa waya huwa umeinama mbele upande wa juu, hauko wima, kwa hiyo kamera iliyo wima kabisa inaupiga ukiwa umeinama. Kamera iufuate mchoro, ukuta hauhusiki.

Dhana: rekebisha kidogokidogo, ni salama zaidi.

Zungusha, hifadhi. Vuta kona, hifadhi. Badilisha saizi, hifadhi. Kila hatua ya hizo programu inakokotoa pikseli upya, na kila ikikokotoa upya ukali unapungua kidogo, ukijumlisha na JPEG inayohifadhiwa mara nne unapata mchoro unaoonekana umepitishwa kitambaa chenye unyevu. Fanya yote kwa mpigo mmoja kama programu inaruhusu, au tumia programu inayokumbuka marekebisho bila kugusa faili la asili, na lile la asili usilifute kamwe. Nililirudia faili la yule mzee kwa sababu tu la asili lilikuwepo.

Aplikesheni za kuskani nyaraka? Zinanyoosha vizuri sana, ila zimetengenezwa kusoma maandishi, zinang'arisha karatasi na kukoleza weusi. Kwa rangi za maji zile tabaka nyepesi za chini zinafutika zote. Kwa michoro achana nazo.

Kazi za duara hazina kona, basi weka alama nne kuzunguka, au karatasi yenye vipimo unavyovijua nyuma yake, kwenye usawa uleule, unyooshe kwa hizo. Na karatasi iliyojikunja ilaze kwanza kwa mikono na uzito juu yake kwa siku kadhaa, usitegemee kompyuta, maana kile si kitu bapa tena.

Dhana: zile pembe tupu zinazobaki, AI ijaze tu.

Hapana, hapa nakataa kabisa. Ukinyoosha na ukingo mmoja ukabaki na mwanya mweupe, programu za siku hizi zinakupa kitufe cha kuujaza, na zinaujaza vizuri mno, unapata mikwaruzo ya brashi ambayo mchoraji hakuipaka. Huo si mchoro wake tena. Kuna wengine wanakata ndani ya kingo kuficha ule mwanya, nao wanakata sahihi ya mchoraji kule kwenye kona ya chini, hilo nimeliona mara nyingi.

La mama wa yule mzee niliishia kuliacha na mwanya wa kijivu, mwembamba kama uzi, upande wa kulia juu. Kanvasi ile fremu yake aliipiga misumari mwenyewe na kona hadi kona ilikuwa sm 101 huku, 99 kule. Nilipomwonyesha mara ya pili hakuuona ule mwanya hata kidogo. Alikuwa anaangalia macho ya mama yake.