Kipandikizi cha pua: cha mwilini mwako au cha kiwandani?

Huku Mtwara mtu akisikia "fulani kawekewa kipandikizi puani" anajua ni plastiki, kumbe neno hilo moja limebeba vitu viwili tofauti kabisa. Jirani yetu kijana wa Mikindani alianguka na bodaboda, pua ikabonyea katikati kama tandiko, alipotajiwa kipandikizi akagoma eti hataki plastiki usoni, wakati daktari alikuwa anaongelea gegedu ya ubavu wake mwenyewe, ile sehemu ngumu inayonepa kama sikio.

Mkulima wa korosho ataelewa haraka. Ukibebesha mche, kikonyo (kile kitawi unachopandikiza) kinashika kwenye shina, vinakuwa kitu kimoja. Gegedu ndo hivohivo, ila hapa kikonyo na shina ni vya mtu yuleyule kwahiyo mwili haukatai. Silikoni, ile ya kiwandani kama mpira, ni kigingi, kinasimama lakini hakishiki, mwili unakizungushia utando tu.

Kunja sikio lako alafu achia, linarudi lenyewe si ndio? Hiyo ndo gegedu. Haina mishipa ya damu, inakula kwa kunyonya toka kwenye nyama zinazoizunguka, ndo maana ukipigwa pua damu ikajikusanya kwenye ukuta wa katikati inabidi itolewe haraka, ukikaa siku kadhaa gegedu inakufa na pua inabonyea. Jamani msisubiri!

Madaktari huanzia kwenye huo ukuta wa katikati maana gegedu yake imenyooka na hauchanwi sehemu nyingine, shida ni kwamba kwa aliyepata ajali mara nyingi umeshavunjika. Ya sikio ni laini na imepinda, inafaa ncha ya pua na kingo za matundu. Ya ubavu ndo nyingi na ngumu, inajenga mgongo mzima wa pua, ila ina tabia ya kupinda, kwahiyo wanachonga sehemu ya kiini kisha wanailoweka kwenye maji ya chumvi wanasubiri waone inaelekea wapi kabla ya kuiweka. Kwa wazee mara nyingi inakuwa imeshakuwa ngumu kama mfupa, kuchonga kazi.

Za kiwandani kuna silikoni, na Gore-Tex na Medpor ambayo ni majina ya biashara ya aina mbili za plastiki. Uzuri wake huchanwi kifua wala sikio. Medpor ina vitundu nyama inaingia humo, haihamihami, lakini siku ikipata maambukizi kuitoa ni shughuli. Silikoni inatoka kirahisi, ila inaweza kusogea au kutoboa ngozi hata baada ya miaka. Kwa pua ya ajali, ngozi imejaa makovu na imekuwa nyembamba, mi nipo upande wa gegedu kabisa. Muulize daktari kabla hujasaini: kinatoka wapi, na kikileta shida kitatolewaje?

Yule kijana alikubali ubavu. Ana kovu fupi kifuani upande wa kulia, anasema wiki za mwanzo kukohoa kulimuuma kuliko pua yenyewe.