Je, wajua? Si manyoya ya mnyama yanayokupigisha chafya

Mtu amepanga chumba kimoja Isevya au Cheyo, mjini Tabora. Anapenda kulea mnyama, lakini paka akipita mlangoni tu, macho yanawasha na pua inachuruzika. Kwenye simu ameona video za mnyama mwembamba, mrefu wa kiwiliwili, anayerukaruka sebuleni kwenye maghorofa ya Ulaya na Marekani. Anaitwa fereti, na watu wanamsifu kuwa ndiye anayewafaa wenye aleji. Je, ni kweli?

Kwa baadhi ya watu ni kweli, ila si kwa sababu inayosemwa. Na kwa chumba cha kupanga chenye bati, Tabora au Kigoma, fereti hafai. Inafaa kujua kwa nini, maana maelezo hayohayo ndiyo yatakayomsaidia mwenye aleji ambaye tayari anaishi na paka.

Tuanze na manyoya. Wengi husema "nina aleji ya manyoya", lakini unywele wenyewe hauna kosa. Kinacholeta chafya ni protini zinazotoka kwenye mate, ngozi na mkojo wa mnyama. Ya paka inayosumbua watu wengi zaidi wataalamu huiita Fel d 1. Inatengenezwa kwenye tezi za mafuta za ngozi, kwenye mate, na kwenye tezi zilizo karibu na mkundu. Paka anapojilamba anajipaka mate mwili mzima. Mate yakikauka, yanapukutika pamoja na mba za ngozi. Baadhi ya chembe hizo hazifiki hata mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), wakati unywele wa kichwani mwa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kitu chepesi kiasi hicho kinaelea hewani kwa saa nyingi, kisha kinanata ukutani, kwenye pazia, kwenye nguo na kwenye neti ya mbu. Ndiyo maana mtu hupiga chafya ndani ya chumba ambacho paka ametoka tangu asubuhi, na ndiyo maana kumnyoa paka hakusaidii kitu.

Mwilini, kinga huichukulia protini hiyo kama adui. Hutengeneza kingamwili iitwayo IgE, inayojibandika kwenye seli fulani za pua, macho, ngozi na mapafu. Protini ikirudi mara nyingine, seli hizo zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo ndipo muwasho, makamasi na chafya vinapoanza. Angalia neno "mara nyingine". Mwili hujifunza kwanza, halafu ndipo hugomba. Kwa hiyo mtu aliyemshika mnyama mgeni kwa saa moja bila kupiga chafya hajathibitisha kwamba hana aleji naye. Inawezekana mwili wake haujamjua bado. Kosa hili ndilo linalowafanya watu wanunue mnyama leo na kutafuta wa kumpa baada ya miezi michache.

Sasa fereti. Huyu ni wa jamii moja na kicheche wetu, na nyegere, yule mvunja mizinga anayewatia hasara wafuga nyuki wa Sikonge na Urambo, na fisi maji wa Ziwa Tanganyika. Wazungu walimfuga kutoka kwa mnyama wa mwituni wa kwao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakimtumia kufukuza sungura mashimoni. Hana Fel d 1, kwani hiyo ni ya paka. Mtu ambaye aleji yake ni ya protini hiyo peke yake anaweza kukaa na fereti akapumua vizuri. Lakini fereti naye ana mate, ana mkojo, ana ngozi yenye tezi nyingi za mafuta, na kuna watu wanaopata aleji naye kabisa. Zaidi ya hapo, kuna protini iitwayo albumini ambayo inafanana kwa wanyama wengi wanyonyeshao. Mtu ambaye mwili wake unagombana na albumini ya paka anaweza kugombana pia na ya mbwa, ya sungura na ya fereti. Huyo akibadilisha mnyama amebadilisha sura tu.

Yapo pia mambo yasiyohusu pua. Fereti hana uwezo wa kutoa jasho la kumpoza, na joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzimia na kufa. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, mchana hupita nyuzi hizo nje kivulini, na ndani ya chumba cha bati kisicho na dari ni zaidi. Feni haitoshi, kwa sababu feni humpoza mwenye jasho la kukaushwa. Chakula nacho ni shida. Utumbo wake ni mfupi, chakula kinapita kwa saa 3 hadi 4, kwa hiyo anakula nyama mara nyingi kwa siku na anajisaidia mara nyingi vilevile. Ugali na wali havimfai. Jike asiyepandwa wala kufungwa kizazi hukaa kwenye joto la kutaka dume muda mrefu mpaka damu inamwishia, naye hufa. Na ugonjwa wa distempa, unaoenezwa na mbwa, karibu kila fereti anayeupata hafiki mbali. Ugonjwa huo si wa kubeza hapa nchini: mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mitaa yenye mbwa wasiochanjwa haimfai mnyama huyu.

Harufu ndiyo inayowashangaza wengi. Fereti ana harufu nzito ya mafuta ya ngozi, na mwenye naye hukimbilia kumwogesha kila wiki. Ngozi ikikauka, tezi zinatoa mafuta zaidi, harufu inaongezeka, na mba nazo zinaongezeka. Kwa mwenye aleji hiyo ni hasara mara mbili.

Isije mtu akafikiri basi amshike kicheche wa porini, kwa kuwa ni ndugu yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama pori bila kibali, na kicheche akitishwa hurusha majimaji yenye uvundo ambao chumba kimoja hakiwezi kuuvumilia.

Linalobaki ni paka, na hapa kuna mengi ya kufanya. Ila kwanza hakikisha ni paka kweli. Vumbi la chumba lina wadudu wadogo wasioonekana wanaokaa godoroni, na lina mabaki ya mende. Vyote viwili huleta dalili zilezile. Wadudu wa godoro wanapenda unyevu, kwa hiyo Kibirizi au Ujiji huko Kigoma, karibu na Ziwa Tanganyika, wana nafasi nzuri kuliko Tabora wakati wa kiangazi. Dalili zikizidi alfajiri ukiwa kitandani, hata nyumba isiyo na paka, shuku godoro. Zikizidi dakika chache baada ya kumshika paka, au ukivimba mahali alipokulamba, shuku paka. Hospitali yenye kipimo cha ngozi humaliza ubishi: tone la majimaji yenye protini inayoshukiwa linawekwa mkononi, ngozi inachomwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 panaangaliwa kama pamevimba milimita 3 au zaidi. Dawa za aleji kama setirizini zinabidi ziachwe siku 5 hadi 7 kabla, la sivyo kipimo kinadanganya. Mweleze daktari dawa zote unazomeza kabla ya kuacha yoyote.

Ikiwa ni paka, jambo lenye faida kubwa kuliko yote ni chumba cha kulala. Mtu hukaa humo saa 7 au 8 kila usiku. Paka asiingie kabisa, hata mchana, maana protini inamsubiri mwenye kitanda. Kwa aliyepanga chumba kimoja hili ni gumu, na ushauri wetu ni wa wazi: paka alale kibarazani au jikoni, kwenye boksi lenye kitambaa kinachofuliwa kila wiki. Asiye na kibaraza wala jiko la kumweka, afadhali asifuge paka.

Neti ya mbu husahaulika. Inaning'inia juu ya uso wako usiku kucha, na kila ukiigusa inapukutisha. Ifue, lakini taratibu: maji ya baridi, sabuni ya kipande, dakika chache, kisha ianike kivulini, kwani jua kali huharibu dawa iliyomo. Ukiifua kila wiki dawa itaisha upesi, kwa hiyo fua kila baada ya miezi mitatu, na kati ya hapo ikung'ute nje ya nyumba, afanye mtu asiye na aleji. Shuka na foronya ni kila wiki. Protini ya paka huyeyuka kwenye maji ya kawaida yenye sabuni, haihitaji maji ya moto. Wadudu wa godoro ndio wanaohitaji nyuzi 60, na hao ukikosa maji ya moto, godoro lisimamishwe juani mchana mzima.

Fagio kavu ni adui. Linainua hewani kilichokuwa kimetulia sakafuni, na utakivuta saa nzima baadaye. Piga dekio lenye maji kila siku, ukutani futa kwa kitambaa kibichi mpaka usawa wa kiuno mara moja kwa wiki, kwa sababu hapo ndipo paka anapojisugua. Kapeti iondolewe, mkeka wa plastiki unafutika. Paka dume akihasiwa, Fel d 1 yake inapungua sana, na hili daktari wa mifugo analiweza kwa muda mfupi. Kumwogesha paka kunapunguza protini, lakini hurudi ndani ya siku chache, kwa hiyo bila kufanya mara mbili kwa wiki ni kumsumbua bure. Beseni lake la mchanga liwe nje, uchafu utolewe kila siku, na asiye na aleji ndiye atoe.

Kifua kikianza kubana, ukasikia mluzi unapopumua, au ukaamka usiku kwa kikohozi, hiyo si mafua tena, huenda ni pumu. Nenda hospitali, na paka ahame. Mtafutie nyumba nzuri kwa jirani asiye na aleji. Usitarajie nafuu wiki hiyohiyo: protini iliyobaki hukaa ndani miezi 4 hadi 6, na kwenye godoro zaidi, hivyo fua mapazia, funika godoro kwa plastiki inayobana, na usiamue kama ulikosea kumtoa paka kabla muda huo haujapita.