Janga kivuli: mlango ulipofungwa, mpigaji akiwa ndani

Mwezi wa Aprili 2020, Phumzile Mlambo-Ngcuka, aliyekuwa akiongoza UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, aliuita ukatili dhidi ya wanawake na wasichana wakati wa korona "janga kivuli". Ni ukatili unaoandamana na ugonjwa kila uendako, lakini hausomwi katika takwimu za kila siku za waliougua na waliokufa.

Korona haikumfundisha mtu kupiga. Aliyepiga 2020, mara nyingi alikuwa akipiga 2019. Kilichobadilika ni njia za kumkimbia.

Chukua ploti ya vyumba vya mabati kule mtaa wa Nyalenda, Kisumu, nchini Kenya. Kabla ya korona, mama anayeteswa alikuwa na pa kupumulia: alfajiri yuko sokoni, wiki ikiisha ana chama cha akiba na wenzake, Jumapili kanisani, na usiku mambo yakichacha anakimbilia kwa dada yake mtaa wa Manyatta. Ukimtazama kwa mbali utadhani anazurura tu, kumbe hiyo ndiyo milango yake ya kutokea. Machi 2020 makanisa yakafungwa, chama kikaacha kukutana, matatu zikapunguza abiria na nauli ikapanda. Tarehe 27 ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Akipigwa saa mbili usiku, achague: avumilie ngumi ndani, au atoke akutane na rungu la polisi. Nambari ya msaada kwa wanaoteswa, 1195, ilikuwepo na ni ya bure, lakini utapigaje simu katika chumba kimoja na anayekupiga ameketi kitandani?

Kuna na msongo wa mawazo. Kule Naivasha, kaunti ya Nakuru, soko la maua la Ulaya lilipoanguka, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua walirudishwa nyumbani. Kodi haikungoja. Msongo huo ni wa kweli na unastahili huruma. Ila sikubali unapotolewa kama sababu ya kipigo. Mwanaume huyohuyo hakumpiga mwenye nyumba aliyemdai, wala chifu. Alimpiga asiyekuwa na pa kwenda. Kumlisha na kumrudisha kazini ni jambo jema, lakini hakutoshi kumlinda mkewe.

Watoto nao walipoteza jicho la mwalimu. Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mwalimu ndiye huona alama mguuni, au msichana aliyenyamaza ghafla.

Na hatukufungiwa mara moja tu. Machi 2021 Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Juni mwaka huo, kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, Kisumu ikiwemo, ziliwekewa kafyu kali kuliko kwingine. Kafyu yenyewe iliondolewa nchini Oktoba 2021.

Linaloniuma zaidi ni hesabu ya saa. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Usiku mmoja wa ile kafyu ya kwanza ulimeza saa 10 kati ya hizo.