Greihaundi waliostaafu mbio: mnayodhani kuhusu kuwatembeza na yalivyo kweli

Kila nikimwambia mtu najitolea kutembeza greihaundi, wale mbwa wembamba wa mbio, waliostaafu na wako kituoni wakitafutiwa nyumba, naulizwa kitu kilekile, utawaweza kweli, si watakuburuza? Naelewa wanakotoka, mtu akisikia mbwa anafika karibu kilomita 70 kwa saa anajua hapo lazima uwe mkimbiaji.

Ukweli ni kwamba hiyo spidi ni ya muda mfupi sana. Mbio zao nyingi uwanjani zinaisha ndani ya nusu dakika hivi, baada ya hapo mbwa anataka kulala, na kwa siku kulala saa 16 mpaka 18 kwake ni kawaida kabisa. Halafu kwenye kamba wengi wametulia kuliko mbwa wa nyumbani, maana enzi za mashindano walizoea kushikwa na watu tofauti, kupimwa uzito, kupitishwa mbele ya watazamaji. Dakika 20 au 30 za mwendo wa pole zinamtosha, kwa hiyo hata mtu mzima ambaye magoti yake hayapendi kukimbia anaiweza hii kazi vizuri tu.

Kinachotakiwa ni subira. Kuna siku ataganda katikati ya njia, miguu minne imekita chini, hasogei hata umbembeleze vipi, na wapita njia watasema huyo mkaidi. Sio ukaidi jamani. Huyu kalelewa bandani, kapelekwa uwanjani, karudishwa bandani, miaka yote ndo hiyo, sasa leo anakutana na ngazi, mlango wa kioo, baiskeli ya mtoto, mfuko wa plastiki unaopeperuka, vyote kwa mpigo. Usimvute. Simama naye, mpe dakika, kisha geuka mzunguke kidogo mrudi palepale kwa upande mwingine. Matembezi kwake ni shule zaidi ya mazoezi, na mwalimu ni wewe.

Eti akifungwa mdomo basi ni mkali. Hili linaniuma, nikiona mzazi anamvuta mwanae upande wa pili wa barabara wakati mbwa mwenyewe kaniegemea pajani kama mtoto anayesinzia. Kile kikapu cha mdomoni kakizoea toka uwanjani, anahema humo na kunywa maji bila shida. Vituo vingi vinawavisha wakitoka kwa ajili ya paka, sungura na vijibwa vidogo, kwa sababu hii ni mbegu iliyofugwa karne na karne kuwinda kwa macho na kitu kidogo kinachokimbia kinamwamsha. Pia ngozi yao ni nyembamba mno, jino la mwenzake likimpata kidogo tu inachanika.

Eti ukimpenda mfungulie akimbie. HAPANA. Akiona kitu kinakimbia anachomoka kufumba na kufumbua, hakusikii tena, na gari hajui ni nini. Shingo yake ni nene karibu sawa na kichwa, ndo maana kola ya kawaida inachomoka kirahisi na vituo vinatumia ile pana inayojikaza kidogo akivuta, wengine wanaongeza na hanesi, ile mikanda ya kuzunguka kifua. Kamba ile inayojirefusha yenyewe iache nyumbani, akipata mita kadhaa za kushika kasi halafu ikamkata ghafla shingo inaumia, na kishikio kikikuponyoka kinamfuata nyuma kikigonga chini, ndo anazidi kukimbia kwa hofu.

Mbavu za mwisho kuonekana sio njaa, ni umbo lake, usimletee chakula kwa huruma bila kuuliza. Mafuta mwilini ana kidogo sana, kwa hiyo kwenye baridi anavaa koti, na jua kali nalo msubiri lipungue. Na "kastaafu" haimaanishi mzee, wengi wanaacha mbio wakiwa na miaka 2 mpaka 5 na wanaweza kuishi 12 au zaidi, yaani maisha karibu yote bado yako mbele yake.

La mwisho, eti kutembeza tu hakubadilishi kitu. Watu wa kituo wanamjua akiwa bandani, wewe ndo unamwona akiwa nje. Ukirudi waambie alimwangaliaje paka, alishtuka nini, alichechemea mguu upi (sugu za nyayo huwasumbua sana hawa), aliwakubali watoto au alijificha nyuma yako. Kwa hayo wanajua nyumba gani itamfaa na ipi itamtesa. Nilikuwa na jike mmoja mweusi, wiki tatu mfululizo tukifika getini anaganda tunarudi, sikumlazimisha hata siku moja. Wiki ya nne akasimama, akanitazama, akapita. Nikaandika kwenye daftari lao mstari mmoja: leo kapita geti mwenyewe, mkia uko juu.