Kipande cha uvimbe kinachoombwa na maabara: majibu kwa wazazi wa kanda ya ziwa

Tangu tuanze kuomba vipande vya uvimbe kwa utafiti wa dawa za limfoma, yaani saratani ya tezi, wazazi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wanatupigia simu kuuliza mambo mawili. Kuna wanaotaka kujua kama tunauza nyama ya watoto wao ng'ambo. Wengine wanataka dawa ijaribiwe kwanza maabara ndipo mtoto aanze matibabu. Hawa wa pili niwajibu mapema: msingoje. Limfoma ya Burkitt yaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa zake zinajulikana. Taya likivimba na meno kulegea, hospitali ni leo.

Kwa miongo mingi seli za limfoma zimeoteshwa zikielea katika maji ya lishe. Seli ziitwazo Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, zingali zinatumika duniani. Lakini seli inayoelea hufikiwa na dawa kila upande. Ndani ya tezi seli zimesongamana, zimeshikamana na tishu inayozilisha na kuzikinga, na oksijeni hupungua kadiri zinavyokuwa mbali na mshipa. Ndiyo maana dawa inayoua kila kitu chupani huweza kushindwa mwilini.

Kwa hiyo siku hizi seli huoteshwa kwa pande tatu: ndani ya jeli, au katika tone linaloning'inia, mpaka ziwe donge, pamoja na seli za tishu jirani. Donge likizidi takriban nusu milimita, katikati huanza kufa kwa kukosa hewa, kama inavyotokea katika uvimbe wenyewe. Kasoro zipo. Rituximab, dawa ya limfoma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hutegemea sana seli za kinga. Donge lisilo nazo haliwezi kuipima vizuri.

Na donge si mtoto wako. Halina ini la kuchakata dawa, wala moyo unaoweza kudhuriwa na doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani. Matokeo yake hayaingii kwenye faili la mgonjwa. Hili tumelieleza mara nyingi mno: daktari hakufichi kitu.

Sasa utaratibu. Mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu maabara, huchukua kwanza kinachomtosha kutambua ugonjwa. Sisi tunaomba kinachobaki, wala mtoto hakatwi mara ya pili kwa ajili yetu. Kabla ya hapo mradi hupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti na kupata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mzazi au mlezi hueleweshwa kwa lugha yake, iwe Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili, kisha hutia saini fomu ya ridhaa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyefanya kazi mradini, naye huweka alama ya kidole gumba. Mtoto aliye na umri wa kuelewa huulizwa pia. Nakala moja ya fomu ni yako. Idai kabla hujaondoka. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunaombewa ridhaa kando. Ukikataa hapo, unaweza kukubali sehemu nyingine. Waweza kujiondoa wakati wowote, na matibabu hayaguswi. Sampuli iliyobaki itaharibiwa, ila matokeo yaliyokwisha kujumlishwa hayatenganishiki tena.

Kuhusu siri za mgonjwa, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 baada ya mradi kugundua kuwa taarifa zimevuja na huenda zikamdhuru mhusika. Kosa lisilo na adhabu yake mahususi lina faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hatuchezi na hilo.

Hakuna malipo, ya kutoa wala ya kupokea. Anayekuomba pesa ili mtoto "aingizwe utafiti" ni tapeli. Piga ripoti polisi.

Tafadhali pia, msituletee ile chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kipande, mliyopewa mpeleke patholojia. Fomalini huua seli, kwa hiyo kwetu haifai kitu, na daktari wa mtoto anaingoja hiyohiyo ili aanze matibabu.