Saa za Ziwa: Familia Ikija Kupumzika Kando ya Ziwa Victoria

Kila Desemba ikikaribia, simu yangu huanza kupokea swali lilelile kutoka kwa jamaa wa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha: "Tunakuja Mwanza na watoto. Ziwani panaogeleka?" Nami hujibu kwa swali: saa ngapi, na upande upi? Wengi hudhani nakwepa. Sikwepi. Kazi yangu ni kuchunguza magonjwa yanayoambukizwa kupitia maji, na kwa miaka yote niliyotembea na ndoo na kopo mialoni (fukwe za wavuvi) nimeona kwamba ziwa la saa 1 asubuhi, la saa 6 mchana na la saa 1 usiku ni maziwa matatu. Kila moja lina starehe yake na hatari yake.

Wageni wa pwani ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu wanakuja na ujuzi wa bahari. Kijana aliyezoea kuogelea Coco Beach akiruka kwenye maji ya ziwa hushangaa anavyochoka mapema. Maji ya chumvi humbeba mtu. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayambebi hivyo. Tena hakuna kupwa na kujaa kwa kumpa ratiba. Ratiba ya ziwa inapangwa na jua na upepo.

Tuanze na upepo, maana huo ndio unaoua haraka. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na maji mengi kiasi hicho hayapoi upesi. Jua likizama, nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na joto lake. Hewa baridi ya nchi kavu huteremka kuelekea majini kutoka pande zote, zikakutana katikati, zikasukumana kwenda juu na kuwa mawingu ya mvua na radi. Ndiyo maana dhoruba za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hupata moto, upepo hutoka ziwani kuja kwetu, na mvua hupenda kunyesha huku bara.

Hilo linamhusu vipi mama aliyeleta watoto wawili na boya la kupuliza lenye sura ya bata? Linamhusu sana. Asubuhi na mapema, maji yakiwa yametulia kama chai kwenye sahani, bado kuna kaupepo kanakotoka nchi kavu kwenda ziwani. Hukasikii usoni, ila kanalisukuma lile boya. Mtoto ameketi juu yake anacheka, mita 5, mita 10, akija kugeuka anaona miguu haigusi chini. Alasiri boya hilohilo lingerudishwa ufukweni. Kwa hiyo kabla mtoto hajaingia, okota jani kavu, litupe majini mita moja kutoka ulipo, hesabu hadi sitini. Likielekea ndani, boya libaki kwenye buti la gari. Jani halidanganyi, hata pale ambapo ghuba na mawe vinapindisha upepo ukaacha kufuata kanuni niliyoieleza. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huweza kuchafua ziwa mchana kutwa, na hapo hakuna haja ya jani.

Kama mna safari ya boti, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyo hiyo, si wa juzi. Ziwa hili limetuzika wengi: MV Bukoba mwezi Mei 1996, MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, watu 228. Sitaji majina hayo kuwatisha. Nayataja kwa sababu bado naona wazazi wanaoona aibu kukataa kupanda boti iliyojaa. Shukeni. Nauli itarudishwa au haitarudishwa.

Na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Mwaka jana kwenye gati moja nilimwona baba amemvisha mwanawe wa miaka minne jaketi la mtu mzima, kamba zimefungwa vizuri, baba mwenyewe ameridhika. Nikamwomba ruhusa, nikashika mabega ya lile jaketi na kulivuta juu. Likapanda hadi masikioni, uso wa mtoto ukazama ndani kama kobe. Majini ingekuwa vivyo hivyo: jaketi linaelea, mtoto anatokea chini. Lifanyeni jaribio hilo wote, ni la sekunde tatu. Jaketi la mtoto mdogo linatakiwa kuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu.

Sasa kichocho, jambo linalonilisha.

Watu wengi wanajua kwamba kichocho ni kukojoa damu. Hicho ni kimoja. Kinachotawala kandokando ya Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na kinyesi, na mgonjwa anaweza kukaa nacho miaka bila kuona damu yoyote, huku ini na wengu vikiharibika polepole. Yai likifika kwenye maji baridi huanguliwa, kimelea humtafuta konokono mdogo bapa, humwingia, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu kumtafuta binadamu. Hakuna haja ya kuyanywa maji. Kimelea hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache.

Wanafunzi wanaotembelea maabara yetu huwa hawaamini mpaka niwaonyeshe. Namweka konokono mmoja kwenye kikombe cha kioo chenye maji safi, namwashia taa, tunaendelea na mazungumzo mengine. Baada ya muda nashikilia kikombe mbele ya kitambaa cheusi. Maji yaliyokuwa angavu yana vumbi jeupe linalochezacheza, kila chembe chini ya milimita moja, na chini ya hadubini kila chembe ina mkia wenye panda. Konokono hana habari. Kilichowatoa vimelea hao ndani yake ni mwanga wa taa.

Hapo ndipo saa inapoingia. Vimelea wa kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa kufuata jua, na kilele chao ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Angalia ratiba ya familia yoyote ya likizo: chai ya uvivu, safari ya ufukweni, watoto majini kuanzia saa 4 na nusu mpaka chakula kiive. Tumewapangia miadi. Anayechovya miguu saa 1 asubuhi amepunguza hatari, hajaifuta, kwa sababu kimelea anaweza kuishi majini siku nzima na zaidi akitafuta mtu.

Upande nao una neno lake. Palipo na matete, mafunjo, gugumaji na maji yaliyotuama karibu na mwalo wenye shughuli nyingi, pasiguswe. Hapo kuna konokono, na kuna watu wanaojisaidia vichakani kwa kukosa choo. Hao wawili wakikutana mzunguko unakamilika. Mchanga mweupe uliopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi. Ila msimwamini anayewaambia "hapa ni mchanga mtupu, hakuna kichocho." Ziwa letu lina aina ya konokono anayeishi chini kabisa, kwenye mchanga na tope la kina kirefu kidogo, ambako hamwezi kumwona mkiwa mmesimama ufukweni. Mawimbi nayo husafirisha vimelea.

Mnauliza, basi tusiingie? Mimi wanangu nawapeleka kwenye bwawa la kuogelea lenye maji yaliyotiwa dawa, tukiliangalia ziwa kwa macho. Huo ni uamuzi wangu, na mke wangu huniita mwoga. Wengine wanaoga ziwani tangu kuzaliwa na hawaoni tatizo, ingawa tukiwapima huwa tunaliona. Mkiamua kuingia, ingieni kwa muda mfupi, asubuhi na mapema au baada ya saa 10 jioni, sehemu ya wazi isiyo na majani. Kujifuta haraka na taulo kunaweza kusaidia kidogo, kusiwe ndiyo kinga yenu. Na maji ya kuoga ya nyumba ya wageni yanayovutwa moja kwa moja kutoka ziwani ni ziwa lilelile kwenye bomba. Yakikaa kwenye tangi lisilo na konokono siku mbili, vimelea hufa.

Kuhusu kuwaangalia watoto, nitasema la kwetu. Tulikuwa ufukweni watu wazima kumi na mmoja, shangazi, wajomba, bibi, kila mtu na sahani ya sato. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, alikuwa majini mbele yetu sote. Hakupiga kelele. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono; kichwa kinarudi nyuma, mdomo unapanda na kushuka, basi. Aliyemwona ni muuza karanga. Sisi kumi na mmoja kila mmoja aliamini mwenzake anatazama. Tangu siku hiyo tuna utaratibu: mtu mmoja anapewa kofia nyekundu, simu inaondolewa mkononi, anasimama maji yalipo, umbali wa kumfikia mtoto kwa mkono. Baada ya dakika 20 anamvika mwingine kofia. Anayeivaa hali, hapigi picha.

Leteni pia dumu tupu la lita 20, mfuniko umefungwa, na kamba ndefu. Mtu akizidiwa, mtupieni dumu. Msimrukie kama hamna ujuzi wa uokoaji, tumeshazika mtu na kaka yake kwa namna hiyo. Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu ili "amwage maji". Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni kwanza, kisha mgandamize kifua, huku mwingine anapiga 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka na kuomba soda, apelekwe hospitali.

Jioni ni nzuri kupita zote, na ndiyo saa ya viboko kutoka majini kwenda malishoni. Msikae kati ya kiboko na maji. Mamba wapo pia, na wenyeji wanajua ni wapi. Waulizeni wavuvi kabla ya kuuliza hoteli. Mawingu yanayofuka juu ya ziwa kama moshi ni wadudu wadogo wasiouma, fungeni midomo tu yakifika. Wanaouma ni mbu, kwa hiyo chandarua. Na jua: tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Mtoto mwenye ualbino asitoke bila kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, hata kukiwa na mawingu.

Likizo ya ziwani haimlazimu mtu kulowa. Kisiwa cha Saanane, kilichobeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa 2013. Boti inakwenda dakika chache tu kutoka mjini, na watoto watakimbizana na pimbi na mijusi wenye vichwa vyekundu juu ya mawe makubwa mpaka wachoke. Bujora, pale Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma za watemi. Mpeni mtoto saa mbili hapo, atasahau bwawa. Wenye siku nyingi na mfuko mzito waende Rubondo, kisiwa kilicho hifadhi tangu 1977, ambako sokwe waliotolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960 waliachiwa msituni na vizazi vyao vinaishi porini mpaka leo. Huko hakuna ubishi wa kuogelea, mamba wameshaumaliza.

Mkisharudi nyumbani kuna mambo mawili. Mtu akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mliingia ziwani, maana kichocho kichanga nacho huleta homa, kikohozi na kuwashwa wiki chache baadaye, na daktari wa mbali na Kanda ya Ziwa hatakifikiria asipoambiwa. La pili, hata kama wote ni wazima, pimeni kichocho wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji. Msikimbilie dawa siku mliyorudi. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga huiponea, nanyi mtadhani mmemaliza. Mlioingia ziwani tarehe 26 Desemba, kipimo chenu ni kati ya tarehe 6 na 20 Februari. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani kabla hamjafua taulo.